Mbona stima inapotea jioni, na sola tunayo Langobaya?

Watu wa hapa Malindi wakishajua kwamba kazi yangu ni umeme, swali huwa ni lile lile: "Injinia, tuna sola kubwa hapo Langobaya, mbona stima bado inatupotea usiku?" Ni swali zuri kuliko wanavyodhani wanaoliuliza, kwa sababu nusu ya jibu imo humo humo. Inapotea usiku.

Mtambo wa Langobaya ulianza kuuza umeme Desemba 2021, na uwezo wake ni megawati 40. Adhuhuri ya kaskazi, mbingu nyeupe na jua la utosi, unafanya kazi yake vizuri sana. Ikifika alasiri unaanza kushuka, na adhana ya magharibi inapotoka hautoi kitu. Haukujengwa na betri. Saa hiyo hiyo ndiyo sisi tunaamka kwa matumizi: taa zinawashwa, feni zinapandishwa hadi namba ya mwisho, televisheni, pasi ya nguo za kesho, viyoyozi vya mahoteli, na Ramadhani ongeza blenda za juisi mtaa mzima kwa pamoja. Jua linatuaga, sisi ndiyo kwanza tunachomeka.

Nchi nzima iko hivyo. Mapema mwaka 2025 mahitaji ya Kenya ya jioni yalipita megawati 2,300. Saa tisa usiku, watu wakiwa wamelala, mahitaji hayo hayo hushuka hadi karibu nusu. Na huko Olkaria, mvuke wa ardhini unaozungusha mitambo ya umeme haujui usiku wala mchana. Visima vinatoa tu. Kwa hiyo tunajikuta katika hali ambayo mtu asiye wa fani huona ni kichekesho: saa mbili usiku tunahangaika kutafuta umeme, hata wa kununua Ethiopia na Uganda, na saa tisa usiku baadhi ya mvuke wetu wenyewe unaachwa upulizwe hewani kwa kukosa mnunuzi. Ukijumlisha mitambo yote iliyofungwa nchini utapata zaidi ya megawati 3,000, na wanasiasa hupenda kuitaja hesabu hiyo. Lakini toa sola yote, maana ni usiku. Toa sehemu ya upepo, maana upepo hauna ahadi. Toa mashine zilizo kwenye matengenezo. Kinachobaki kinatosha kwa shida, na mashine moja ikikohoa lazima mtu akatiwe. Serikali yenyewe imekiri hadharani kwamba jioni hulazimika kuzima baadhi ya maeneo.

Kwa hiyo mimi huwaambia watu kwamba upungufu wetu ni wa saa kabla haujawa wa mitambo. Na sisi wa huku kaskazini ya pwani tuna wa pili juu ya huo: upungufu wa njia.

Chukua ramani. Umeme wa Lamu unatoka kituo cha Rabai, karibu na Mombasa, unapita Malindi, unapita Garsen, unaingia Lamu, kwa laini ya kilovolti 220 yenye urefu wa takriban kilomita 320. Kabla ya laini hiyo Lamu ilikuwa ikiishi kwa jenereta za dizeli, na waliokuwako wanakumbuka. Laini ilikuwa hatua kubwa, siibezi. Ila ni moja. Hakuna njia ya pili ya kuzungukia. Nguzo ikianguka Tana inapofurika, au waya ukikatika popote kati ya Malindi na Garsen, Lamu haina mlango wa nyuma.

Rabai nayo inategemea kinachotoka bara pamoja na mitambo ya mafuta ya Mombasa. Ile laini kubwa ya kutoka Nairobi ilijengwa kubeba kilovolti 400, lakini kwa miaka mingi iliendeshwa kwa 220 kwa sababu kituo cha kuipokea cha Mariakani hakikuwa tayari. Laini inayoendeshwa kwa volti ndogo hubeba kidogo na kupoteza kingi. Ndiyo maana mashine za mafuta za Kipevu na Rabai zilikuwa zikiwashwa jioni hata pale umeme wa bei nafuu ulipokuwapo bara: haukuweza kufika huku ukiwa na nguvu yake.

Sasa ingia mtaani, ambako mwananchi hukutana na haya bila kuona laini yoyote. Chomeka mita ya volti saa saba mchana, utasoma karibu 240. Irudie saa mbili usiku kwenye nyumba iliyo mwisho wa laini, mbali na transfoma, na si ajabu ukaona 190. Kwa vitu vya moto kama birika, nguvu hushuka kwa mraba wa volti, kwa hiyo kwenye 190 unapata kama asilimia 63 tu ya moto ambao kifaa kiliundwa kutoa. Chai inachelewa, basi. Balaa liko kwenye mota. Kompresa ya friza haijui kupunguza kazi. Volti zikishuka, inavuta mkondo mkubwa zaidi ili iendelee kuzunguka, na mkondo huo unaunguza koili zake polepole. Wenye friza za samaki pale karibu na diko wanajua harufu ya koili iliyoungua. Husema stima "ilikuja na nguvu nyingi". Mara nyingi ukweli ni kinyume chake: ilikuja dhaifu, ikakaa dhaifu usiku kucha.

Kisha kuna chumvi, ambayo ni mtihani wa pwani peke yake na haizungumzwi vya kutosha. Vile vikombe vya kauri vinavyoshika waya juu ya nguzo, mafundi huviita insuleta, kazi yake ni kuzuia umeme usishuke kwenye nguzo. Miezi ya kaskazi hakuna mvua, na upepo wa bahari unavipaka chumvi na vumbi siku baada ya siku. Chumvi kavu haina madhara. Ngoja umande wa alfajiri, au manyunyu ya kwanza yasiyotosha kuosha: chumvi inalowa, inakuwa njia ya umeme, na utasikia nguzo inatoa mlio kama mafuta ya kukaangia, na gizani unaona cheche za buluu zikitambaa juu ya kikombe. Baada ya hapo laini inajikata. Ndiyo sababu stima ya pwani hupenda kupotea kwa manyunyu madogo, huku mvua kubwa ya masika ikipita salama. Mvua kubwa inaosha. Dawa yake inajulikana duniani kote: insuleta za mpira wa silikoni zinazotupa maji, zenye mikunjo mirefu, na ratiba ya kuosha vikombe kabla ya mvua kuanza. Haihitaji mkopo wa kimataifa. Inahitaji mtu wa kupanga ratiba na kuifuata.

Giza la nchi nzima ni habari nyingine. Jenereta zote za taifa zinakwenda kwa mwendo mmoja, mawimbi 50 ya umeme kwa sekunde, kama mabaharia wanaotweka tanga kwa kamba moja. Wawili wakiachia ghafla, waliobaki wanaelemewa na mwendo unashuka. Mitambo imewekewa vifaa vya kuhisi kushuka huko na kukata maeneo fulani haraka ili kuokoa mengine; hivyo unaweza kukatiwa wewe wa Shela ili Eldoret isizime. Kama kushuka kumekuwa kukubwa kuliko kilichokatwa, kila jenereta inajitoa kujiokoa na nchi inazima. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme wa upepo wa Ziwa Turkana ulijitoa ukiwa unabeba sehemu kubwa ya mzigo wa taifa, na giza likakaa hadi kesho yake sehemu nyingi. Waliohusika walilaumiana kuhusu nani alianza. Kwangu mimi la msingi ni kwamba hapakuwa na akiba ya haraka ya kuziba pengo, ilhali betri kubwa huziba pengo la namna hiyo chini ya sekunde moja.

Ukame upo pia, na sisi tunauona kabla ya wengi kwa sababu maji yanayozungusha mitambo ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere ndiyo hayo hayo yanayopita Garsen na kuingia bahari Kipini. Mto ukiwa mwembamba Garsen, ujue kule juu wanabana. Mwaka 2000 nchi iligawiwa umeme kwa zamu kwa sababu hiyo. Tangu hapo mvuke wa Olkaria umetupunguzia utegemezi huo sana, kwa hiyo siuhesabu tena kuwa ndio ugonjwa mkuu.

Sitaki kuukwepa umeme wa makaa ya mawe, maana nikiandika kuhusu Lamu na nisiutaje nitaulizwa. Mradi wa Kwasasi, huko Lamu, ulikuwa wa megawati 1,050. Mwaka 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni yake, sababu mojawapo ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na mwaka 2025 mahakama ya Malindi ikaunga mkono uamuzi huo. Waliopinga walizungumzia bahari, samaki, mikoko na moshi, na walikuwa na haki. Mimi naongeza la kihandisi. Wakati ule nchi nzima ilikuwa ikitumia chini ya megawati 2,000 jioni. Kuweka zaidi ya nusu ya hiyo mahali pamoja, mwisho wa laini moja, ni kutafuta giza la taifa kwa gharama kubwa. Halafu mtambo wa makaa hutaka kuwaka saa zote. Saa tisa usiku ungeshindana na mvuke ambao tayari hauna mnunuzi, na mteja angelipia vyote viwili.

Kuna na fedha, nitapita haraka. Katika kila yuniti 100 ambazo msambazaji hununua, zaidi ya 20 hazifiki kwenye mita inayolipwa: nyingine hupotea kama joto kwenye waya mirefu na transfoma zilizozidiwa, nyingine huibwa na watu wanaojiunganishia. Msambazaji wa namna hiyo hana pesa ya kubadilisha transfoma, na transfoma iliyozidiwa inaongeza upotevu. Juu ya hapo, kwa miaka kadhaa mikataba mipya ya kununua umeme ilisimamishwa kwa sababu ya bei za zamani zilizoumiza wananchi. Kusimamisha kulieleweka, lakini mahitaji hayakusimama.

Tufanye nini, basi? Kama shida ni saa na njia, pesa ziende kwenye saa na njia. La kwanza ni betri upande wetu wa laini, Malindi na Lamu, zijazwe na jua la Langobaya mchana na kuachiliwa kuanzia magharibi. Zitapunguza mzigo wa laini ile saa inapoelemewa, zitainua volti za mwisho wa mtandao, na siku laini ikikatika hospitali na pampu za maji za Lamu zitakuwa na masaa ya kuvumilia. Sola zaidi bila betri, kwa maoni yangu, ni kuongeza mchana ambao hatuna shida nao. Upande wa Pate, ambako Faza bado inategemea dizeli inayovushwa kwa vyombo, na Kiunga vivyo hivyo, hesabu ni rahisi zaidi: jua na betri, jenereta ibaki ya dharura. Gharama ya mafuta hayo tunailipa wote kupitia ada ya mafuta kwenye bili.

La pili nalipenda zaidi kwa sababu halina mitambo mipya: barafu. Kuganda kwa tani moja ya barafu katika joto letu hula takriban yuniti 55 hadi 85. Samaki hajali barafu iligandishwa saa ngapi. Tangu Desemba 2017 wateja wakubwa wa viwanda na biashara wamekuwa na nusu bei kwa matumizi ya ziada ya usiku, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi siku za kazi. Mwenye friza tatu za samaki hana mzigo mkubwa wa kiwanda, lakini friza zake na za wenzake mia kwa pamoja ni mzigo wa kiwanda. Wapewe bei hiyo na mita ya kuisoma, uone kama hawatagandisha usiku wa manane, kwa mvuke ule ule unaotupwa Olkaria.

Mpaka hayo yafanyike, nyumbani kuna mambo mawili.

Stima ikipotea, zima friji, friza na kiyoyozi ukutani. Giza likikaa saa mbili, kila friji ya mtaa inakuwa imepata joto, na stima ikirudi zote zinaanza kwa pamoja. Fyuzi ya transfoma haistahimili, na ndiyo ile "imerudi, imepotea tena" mnayoilalamikia. Ikirudi subiri dakika tano, angalia volti zimetulia, kisha washa. Kile kifaa cha kulinda friji cha kuchomeka ukutani kinafanya hivyo chenyewe na bei yake ni rahisi kuliko ya kompresa.

Na kama unanunua inveta, usianze na ukubwa wa paneli. Feni mbili, taa tano, televisheni na kisanduku cha intaneti ni kama wati 250. Kwa saa nne za jioni hiyo ni yuniti moja, na betri moja ya lithiamu ya volti 12, ampea-saa 100, inatosha. Pasi na birika zibaki nje ya mstari huo. Fundi akimaliza kufunga, mwambie akuonyeshe mpangilio wa saa za kuchaji, kwa sababu nyingi huja zikiwa zimewekwa zichaji mara tu stima inaporudi, yaani saa mbili usiku mtaa ukiwa unahema. Weka ianze saa nne.