Kabureta kufurika si kabureta kuvuja

Siku hizi kila tone la petroli linaloonekana chini ya pikipiki linaitwa "kabureta inavuja", yaani kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Mwenye chombo anasema hivyo, fundi anaitikia hivyohivyo, na muda si muda bakuli la kabureta, kile kikombe cha chini kinachokaa petroli, limeshapakwa silikoni nyekundu pande zote. Kesho yake petroli inadondoka palepale, na safari hii lawama zinaiangukia kabureta kwamba ni feki.

Kabureta inavuja pale petroli inapopenya mahali pasipowekewa njia: gasketi ya bakuli (ile ya kuziba maungio) iliyokakamaa, skrubu ya kumwagia iliyolegea, ufa. Inafurika pale petroli inapozidi kimo chake ndani ya bakuli, ikatokea kwenye njia iliyowekwa makusudi na kiwanda. Maana ni hiyo tu. Ya kwanza mara nyingi inaisha kwa gasketi mpya au kukaza skrubu. Ya pili, hata ukilizungushia bakuli saruji, itaendelea.

Tangi la pikipiki liko juu ya kabureta, na kwa pikipiki nyingi za kabureta hakuna pampu. Koki ikiwa wazi, petroli inashuka kwa uzito wake yenyewe, uwe unaendesha au umelala. Kinachoizuia ni sindano fupi yenye ncha ya mpira, si ndefu kuliko kucha yako ya kidole gumba. Petroli ikipanda bakulini boya linaelea, ulimi wa boya unaisukuma sindano juu, ncha inaziba siti, yaani kitundu petroli inamoingilia. Injini ikinywa, boya linashuka na njia inafunguka tena. Aliyewahi kufungua tangi la choo cha kuvuta ameshaliona boya likifanya kazi hiyohiyo. Na si jambo geni: Wilhelm Maybach alitumia boya katika kabureta yake ya kunyunyiza huko Ujerumani mwaka 1893, na zile pikipiki za porini, Yamaha DT na Honda XL, za mabwana shamba wetu zilikuja na utaratibu uleule.

Waliotengeneza walijua sindano itashindwa siku moja. Ndiyo maana kabureta nyingi zina kijibomba cha shaba kilichosimama ndani ya bakuli, mdomo wake ukiwa juu kidogo ya kimo sahihi cha petroli, na mkia wake ukitokea chini, ambako umechomekwa mpira mwembamba. Petroli ikizidi inaingia mdomoni humo na kumwagika ardhini, isije ikaingia kwenye injini. Sasa wapo wanaouziba mpira huo kwa skrubu, eti wamezuia kuvuja. Hawajazuia kitu, wameielekeza petroli kwenye silinda. Kwenye XL, ambayo ni ya stroku nne, itapita kwenye ringi hadi kwenye oili. Chomoa kijiti cha kupimia: oili imeongezeka na inanuka petroli. Oili hiyo ni ya kumwaga, usiendeshe nayo hata kwenda sokoni. Kwenye DT ya stroku mbili petroli inajaa chini ya pistoni, plagi inalowa, na kiki inakuwa nzito hadi unahisi injini imekwama.

Pikipiki ya porini ina jambo lake jingine, kwa kuwa kuanguka ni sehemu ya kazi yake. Ikilala ubavu, boya haliwezi kuelea linavyotakiwa, na petroli itatoka kwenye mipira ya kupumulia. Hapo hakuna kilichoharibika. Inyanyue, funga koki, subiri kidogo. Ikikoma, endelea na safari. Ikiendelea kutoka chombo kikiwa wima na koki iko wazi, ndipo uanze kuuliza maswali.

Na jibu la kwanza mara nyingi ni uchafu. Chembe moja ya kutu kutoka tangini ikikaa kati ya sindano na siti, inatosha. Wale wanaogonga bakuli kwa mpini wa bisibisi si wachawi: mtikisiko unaing'oa chembe na petroli inakoma, mpaka chembe nyingine ije. Ikirudiarudia, fungua kabureta, injini ikiwa baridi na jiko la mama lishe likiwa mbali. Ipeleke sindano kwenye mwanga. Ncha isiyochakaa ni laini kuanzia juu hadi chini. Iliyochakaa ina mstari wa mviringo pale inapogusana na siti, na ukipitisha kucha unausikia. Kama nyuma yake ina kijipini cha springi, kibonyeze uone kama kinarudi. Kisha litikise boya karibu na sikio. Likipiga chwachwachwa limetoboka, limekunywa petroli, halielei tena. Vyote vikiwa vizima, pima urefu wa boya kutoka uso wa gasketi. Kila kabureta ina kipimo chake kwa milimita. Ulimi wa bati hupindwa, tena kidogo mno. Wa plastiki ukiulazimisha utauvunja.

Dukani nako useme "sindano ya boya". Ukisema "sindano" tu utapewa ile ndefu inayokaa kwenye slaidi (kipande kinachopanda ukivuta mafuta), ambayo haihusiki na kufurika hata kidogo, na ukiifunga hutaona tofauti yoyote zaidi ya pesa kupungua.

Kuna hali moja ambayo nawasamehe wanaochanganya. Kijibomba kile cha shaba kinaweza kupata ufa chini ya kimo cha petroli. Hapo boya ni zima, sindano ni mpya, kimo ni sahihi, lakini petroli bado inatokea kwenye mpira uleule wa kufurikia. Huko ni kuvuja kabisa, ingawa sura yake ni ya kufurika. Kuutambua ufa huo si kazi: vua bakuli, lisafishe, kaza skrubu yake ya kumwagia, lishike wima juu ya karatasi kavu, tia petroli bila kuufikia mdomo wa kijibomba. Karatasi ikilowa chini ya mkia wake, umepata jibu, na sindano tatu ulizokwisha nunua hazikuwa na kosa.

Silikoni haina kazi katika habari yote hii. Petroli huivimbisha, ikamenyuka vipande, na kipande kikishaingia kwenye jeti ndogo, kile kitundu chembamba cha petroli, pikipiki inakataa kukaa sailensa, yaani kunguruma taratibu yenyewe. Sasa una matatizo mawili.

Kwa hiyo ukifika kwa fundi, neno "inavuja" liache kwanza. Pangusa kabureta ikauke, fungua koki, chuchumaa uangalie. Mwambie: inatokea kwenye mpira wa chini, au inalowa kwenye maungio ya bakuli, injini ikiwa imezimwa, au ikinguruma, kila wakati, au ikiegemea stendi tu. Fundi anayejua kazi yake atajua afungue wapi kabla hujamaliza sentensi. Akienda moja kwa moja kwenye tyubu ya silikoni, mwombe kwa upole akuonyeshe boya.