Uso wa Bibi Ulikataa, Nikamwendea Velázquez

Picha ya kwanza ya mtu niliyoichora kwa rangi ya mafuta ilikuwa ya bibi yangu mzaa mama, amekaa barazani anapepeta mchele. Mkeka ulikubali. Ungo ulikubali, kanga nayo ikakubali mpaka maandishi yake. Uso ukakataa. Shangazi aliposimama mbele ya picha alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwanangu, mbona bibi yako umempaka masizi?"

Alikuwa amesema kweli. Nilifanya wanachofanya karibu vijana wote wanaokuja kwangu Jumamosi kujifunza: kahawia ndiyo ngozi, nyeusi ndiyo kivuli, nyeupe ndiyo mwanga. Ukichanganya hivyo, kivuli kinakufa na mwanga unageuka jivu. Niliurudia uso ule mara nyingi kwa makosa yaleyale, nikidhani mkono utazoea. Mkono ulizoea kweli, ila ulichozoea ni kosa. Watu husema mazoezi, mazoezi, lakini mazoezi bila mtu wa kukuonyesha pengo lako yanaweza kukugandisha mahali ulipo.

Aliyenionyesha pengo alikuwa amekufa tangu 1660. Mwaka 1650, akiwa Roma, Diego Velázquez, mchoraji wa Hispania, alimchora Juan de Pareja, mtu mwenye asili ya Afrika aliyekuwa mtumwa wake na msaidizi wa karakana. Mwaka huohuo alitia saini hati ya kumwacha huru, na Pareja baadaye akawa mchoraji kwa jina lake mwenyewe. Picha iko katika jumba la makumbusho la Metropolitan Museum, New York. Sijawahi kuiona kwa macho, ila jumba hilo linaruhusu mtu yeyote kupakua picha zake nyingi za zamani bure, kwa ukubwa unaokuwezesha kuona brashi ilipopita.

Sikuinakili picha nzima. Hapo ndipo wengi wanapojichosha: wiki tatu kwenye nakala moja, na mwishoni wana picha ya kujisifia lakini hawajui wamejifunza nini. Mimi nilikuwa na swali moja, kivuli cha ngozi nyeusi kinatengenezwa na nini, basi nikachukua paji la uso na shavu tu. Nilikata vipande vya hardibodi ukubwa wa kiganja, nikavipaka rangi ya msingi, nikachora paji lilelile kwenye kila kipande kwa mchanganyiko tofauti.

Kipande cha tatu ndicho kilichonifungua macho. Niliweka nyeusi pembeni, nikachanganya bluu nzito ya ultramarini na ile kahawia nyekundu wanayoiita siena ya kuchomwa. Inatoka giza nzito kabisa, lakini giza lenye uhai: ukiongeza siena linapata joto, ukiongeza bluu linapoa. Na kwa Pareja, kivuli cha shavu kina joto, kina wekundu ndani yake. Mng'ao wa paji ndio uliopoa. Mimi nilikuwa nimefanya kinyume. Nikatoka barazani nikamtazama jirani aliyekuwa amekaa kivulini, anga likimwangaza usoni: kweli, pale mwanga unapogonga ngozi, unarudi na ubuluu wa anga. Miaka yote nilikuwa naangalia watu na sikuwahi kuuona. Ukimweka mtu kwenye jua kali la saa saba mambo hubadilika, mwanga ndio unaokuwa na joto, kwa hiyo usiibebe hii kama kanuni ya kila mahali.

Tahadhari moja kuhusu simu. Kioo kinadanganya rangi. Simu mbili zitakuonyesha Pareja wawili. Kutoka kwenye kioo jifunze giza na mwanga, jifunze pia kingo, wapi mstari ni mkali na wapi unayeyukia kwenye usuli. Finya macho mpaka picha ibaki na madoa matatu au manne, uyachore kwa mkaa kwa robo saa, basi. Rangi yenyewe ukaihakikishe kwa mtu aliye hai.

Kama mfuko hauruhusu rangi nyingi, mtazame mchoraji Anders Zorn wa Uswidi. Kwenye picha aliyojichora mwaka 1896 ameshika paleti, ule ubao wa kuchanganyia rangi, yenye rangi nne: nyeupe, nyeusi, nyekundu na njano ya udongo. Nyeusi iliyochanganywa na nyeupe, ukiiweka karibu na nyekundu, jicho huiona bluu. Ndiyo, nyeusi ileile niliyoisema vibaya hapo juu. Kosa langu lilikuwa kuitumia kama zima-taa. Na tabaka la chini liwe na mafuta machache kuliko la juu, la sivyo picha itapasuka.

Sasa kuna ubishi kuhusu kuiga ambao siwezi kuukwepa. Mzee Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu na mmoja wa waanzilishi wa kituo cha sanaa cha Paa ya Paa, Nairobi, mwaka 1965, anajulikana kwa neno lake kwamba kuiga kunamlaza Mungu usingizi. Nikiwa kijana neno hilo lilinitisha. Upande wa pili kuna Edward Saidi Tingatinga wa Tunduru, aliyeanza kuchora hapa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya kung'aa ya baiskeli juu ya hardibodi, na akauawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972. Miaka minne tu! Kazi yake haikuzikwa naye kwa sababu kulikuwa na ndugu na vijana waliokaa kando yake wakaiga mkono wake: paka usuli, acha ukauke, ndipo mnyama aingie. Bila kuiga, leo tusingekuwa na mtindo wenye jina lake.

Lakini pita madukani uhesabu twiga wanaofanana, utaelewa Mzee Njau alihofia nini. Wapo wachoraji wa Tingatinga wanaokwenda mbele, nawaheshimu sana. Na wapo wanaochora twiga wa jana kwa sababu twiga wa jana alinunuliwa.

Mimi nimeegemea kwa Vincent van Gogh. Mwaka 1889, akiwa hospitalini Saint-Rémy, Ufaransa, alichukua picha zilizochapwa kwa nyeusi na nyeupe za kazi za mchoraji Mfaransa Millet, akazichora kwa rangi zake mwenyewe. Alimwandikia ndugu yake kwamba ni kama mwanamuziki anayepiga utunzi wa mwingine. Mpenzi wa taarabu hahitaji maelezo zaidi: wimbo mmoja wa zamani huimbwa na wengi, na ukiwa chumba cha pili bado unajua ni sauti ya nani.

Uso wa bibi nimeukwangua kwa kisu cha paleti mara nne. Wa tano umekaa. Shangazi alikuja tena, akautazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akasogea karibu na ungo. "Bibi yako sawa. Lakini huu mchele mbona umeganda? Mchele unaopepetwa hautulii."

Kwa hiyo nimerudi kwa Velázquez. Katika picha yake Las Hilanderas (Wasokota Nyuzi), iliyoko jumba la makumbusho la Prado, Madrid, kuna mwanamke anasokota uzi, na gurudumu lake linazunguka kwa kasi mpaka vijiti vyake havionekani. Umebaki ukungu mwembamba na mng'ao kidogo. Nimeshakata vipande sita vya hardibodi. Wiki hii ni gurudumu tu.