Kuanza na aria2: mtandao ukikatika, usirudi mwanzo

Karibu kila anayeniuliza kuhusu programu za kupakua mafaili makubwa huanza na kasi. Mimi humrudisha kwenye swali lingine: mtandao ukikatika faili likiwa asilimia 90, utaendelea ulipoishia au utaanza upya? Kwa anayetumia bando, hapo ndipo pesa inapoteketea. Ndiyo maana huwaelekeza watu kwenye aria2, programu huria ya bure yenye leseni ya GPL, iliyoandikwa na Mjapani Tatsuhiro Tsujikawa.

Haina madirisha wala vitufe, unaiamrisha kwa maandishi kwenye terminali, yaani sehemu ya kuandikia amri. Anayetaka vitufe achukue Motrix, nayo ni huria na ndani yake inaendeshwa na aria2 hiyohiyo. Kwenye Linux ya Ubuntu au Debian andika sudo apt install aria2. Kwenye simu ya Android, ndani ya Termux (programu inayokupa terminali kwenye simu), ni pkg install aria2. Wa Windows apakue zipu kutoka ukurasa wake wa GitHub, aifungue, kisha aiendeshe kutoka folda hiyo.

Jaribu na faili kubwa la halali, mfano ISO ya Ubuntu, yaani faili la kusakinishia mfumo huo. Nakili linki yake, halafu andika (amri yenyewe huitwa aria2c):

aria2c -x4 "linki"

Alama za kunukuu usiziache. Linki nyingi zina alama ya &, na terminali ikiikuta wazi hukata amri papo hapo.

Likifika katikati, bonyeza Ctrl+C kwa makusudi, kisha fungua folda. Utakuta mafaili mawili: ISO yenyewe, na kifaili kidogo chenye jina lilelile kinachoishia na .aria2. Hicho kidogo ndicho chenye kumbukumbu ya vipande vilivyokwisha kushuka. Rudia amri ileile katika folda ileile, nayo itaendelea. Inawezekana kwa sababu seva nyingi hukubali kuombwa sehemu tu ya faili, kutoka baiti fulani hadi fulani. Kwa seva isiyokubali, hakuna programu itakayokusaidia.

Sasa angalia ukubwa wa ile ISO. Aria2 kwa kawaida hutenga nafasi yote kwenye diski kabla ya kuanza, kwa hiyo faili huonekana limetimia GB zake zote hata kama robo tu ndiyo imeshuka. Wengi huona hivyo, wakadhani kazi imeisha, wakafuta kile kifaili cha .aria2 kama takataka. Tafadhali usikiguse. Upakuaji ukikamilika kitatoweka chenyewe, na kutoweka kwake ndiyo dalili ya kuaminika.

Ile -x4 inaruhusu miunganisho 4 kwa seva moja. Usipoiweka ni 1, na mwisho ni 16. Mimi huishia 4, maana kuongeza hakupanui mtandao wako, na baadhi ya seva humfungia anayezidisha.

Kwa wanaosubiri bando la usiku, andika linki zako katika faili la orodha.txt, kila moja kwenye mstari wake, kisha:

aria2c -c -x4 -j1 --stop=18000 -i orodha.txt

Namba 18000 ni sekunde, yaani muda wa masaa 5, kisha aria2 hujizima yenyewe kabla haijaanza kula salio la mchana. Badilisha kulingana na bando lako. -j1 hushusha faili moja baada ya jingine. Bila hiyo hushusha matano kwa pamoja, na alfajiri unaweza kuamka na nusunusu tano, hakuna hata moja linalofunguka. Usiku unaofuata rudia amri hiyohiyo bila kugusa orodha, ila hakikisha -c ipo. Ikikosekana, mafaili yaliyokwisha jana yatapakuliwa tena tangu mwanzo, yakipewa jina lililoongezwa .1.