Picha ya Kitulo Haihitaji Kuongezwa Rangi

Wateja ninaowatengenezea matangazo hapa Mbeya, wenye kampuni za kutembeza watalii na wenye nyumba za kulala wageni, huja na dai lile lile kila msimu: "Ongeza rangi, picha ing'ae, mgeni atakuja." Juzi mmoja alikaa kando yangu mbele ya kompyuta akinihimiza nizidishe kijani, hadi majani ya uwanda wa Kitulo yakafanana na zulia la plastiki. Nilikataa.

Ni kweli kwamba rangi kali hulivuta jicho, lakini kulivuta jicho si kumshawishi mtu afunge safari. Anayekusudia kutoa fedha yake huitazama picha akijiuliza atakuta nini, na siku hizi huilinganisha na picha ambazo wageni waliotangulia walipiga kwa simu zao. Akiona zinapishana, haamini tena hata bei na maelezo yaliyoandikwa chini yake. Naye anayekuja huja na picha ile kichwani, na ndiyo anayoipimia kila anachokiona. Uwanda wa Kitulo, uliotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, huchanua wakati wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili. Anayefika Julai hukuta nyasi zilizokauka na baridi inayouma. Kwa hiyo tangazo la maua lisilotaja miezi humpotosha mgeni hata kama rangi haikuguswa kabisa, na kwangu hilo ni kosa kubwa kuliko picha yenye ukungu. Andikeni miezi juu ya picha. Ukungu nao uacheni, kwa kuwa ndio unaomwambia mgeni abebe sweta na koti la mvua.

Wengine hudhani kwamba tangazo lisilo na simba si la utalii. Simba wako Hifadhi ya Ruaha. Kuwabandika kwenye tangazo la Ziwa Ngosi, linalofikiwa kwa kupanda mlima kwa miguu msituni, ni kumwita mtu asiyetaka safari ya namna hiyo.

Huambiwa pia niwafute watu ili mandhari ionekane safi. Mtu mmoja aliyesimama karibu na Daraja la Mungu, daraja la asili la mwamba kwenye Mto Kiwira, ndiye anayeonyesha ukubwa wa mwamba ule, na humsaidia mtazamaji kujiona yuko pale. Aombwe ridhaa kwanza, na apigwe akiwa na nguo zake za kila siku.

Namba ya simu iwekwe pembeni chini, si katikati ya maporomoko ya maji.