Kubeba mizigo mizito ya ujenzi: dhana potofu na ukweli

Kabla ya kubeba kitu kwenye ujenzi, swali huwa moja tu: kina kilo ngapi? Ni swali la lazima. Likibaki peke yake, linaumiza watu.

"Uzito ukiwa ndani ya kiwango, mzigo ni salama"

Dhana hii huwadanganya hata wasimamizi wazoefu. Pendekezo Na. 128 la Shirika la Kazi Duniani (ILO), la mwaka 1967, linataka palipo na kiwango kinachozidi kilo 55 kwa mwanamume mtu mzima kishushwe hadi hapo haraka iwezekanavyo. Wapo wanaolisoma kama ruhusa ya kumtwisha kila mtu kilo 55. Sivyo. NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, inaanza hesabu yake ya kunyanyua na kilo 23, tena hali ikiwa nzuri kabisa: mzigo uko karibu na mwili, hauokotwi chini, mbebaji hajajipinda, ana pa kushika vizuri, na harudii mara kwa mara.

Sharti moja likivunjika, kilo zinapungua. Mikono ikiwa sentimita 25 mbele ya vifundo vya miguu, zinabaki 23. Ikiwa sentimita 50, zinashuka hadi 11.5. Mzigo ni uleule, ila kadiri unavyosogea mbele ndivyo misuli ya mgongo inavyovuta kwa nguvu zaidi kuuzuia, na diski za uti wa mgongo, yaani vitu laini vilivyo kati ya pingili, ndizo zinazobanwa.

Kwa hiyo mfuko wa saruji wa kilo 50 umezidi hesabu hiyo zaidi ya mara mbili hata ukibebwa kwa ustadi. Na tofali la kilo 18, ambalo halimtishi mtu, linageuka hatari pale saidia fundi anapoliokota chini na kulinyoosha juu ya mtaro wa msingi huku kiuno kimepinda. Matofali 200 ya namna hiyo ni kilo 3,600, na tofali moja linaweza kupita mikononi mara mbili au tatu kabla ya kufika ukutani. Kila safari ya ziada ni ya kuhesabiwa.

"Kunja magoti, nyoosha mgongo, basi"

Ushauri huu una ukweli kidogo tu. Mfuko mpana hauingii katikati ya magoti, kwa hiyo anayechuchumaa huishia kuuweka mbali na mwili, na hapo faida yote imepotea. Mafunzo ya kunyanyua peke yake hayajathibitika kupunguza majeraha ya mgongo. Kinachosaidia ni kubadilisha kazi yenyewe: lori lishushe mzigo pale utakapotumika, matofali yapangwe kwenye kimo cha kiuno, toroli ipate njia, zege lipande kwa kapi au winchi.

Mkanda wa kiunoni nao usitegemewe. NIOSH ilichunguza suala hilo mwaka 1994, na haikuona ushahidi wa kutosha kwamba unamkinga mtu ambaye hajaumia.

"Tukiwa wawili, kila mmoja ana nusu"

Mwongozo wa HSE, mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza, unakadiria kuwa wawili wanamudu takriban theluthi mbili ya jumla ya uwezo wao. Kwenye ngazi, wa chini huelemewa zaidi. Nondo ya milimita 16 yenye urefu wa mita 12 ina kama kilo 19, uzito mdogo kwa watu wawili, lakini inayumba, na wa nyuma haoni kinachokuja. Awepo mmoja wa kutoa amri.

"Amebeba miaka yote, mgongo umezoea"

Hapa naomba tuwe makini, maana ndipo vijana wengi wanapopotezea afya zao. Misuli huimarika kwa kazi. Diski ni jambo lingine: sehemu yake ya ndani haina mishipa ya damu wala neva za maumivu, hivyo inaweza kuchakaa muda mrefu bila kutoa taarifa. Asubuhi huwa imevimba kwa maji iliyonyonya usiku, na kuinama sana saa ya kwanza baada ya kuamka huikaza zaidi. Mizigo mizito isiwe kazi ya kufungulia siku. Na mtu akipata ganzi sehemu za siri, mguu ukilegea au mkojo ukimponyoka, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

"Tathmini ya hatari ni makaratasi ya kampuni kubwa"

Inaweza kuanza kwa msimamizi kupita njia ya mzigo, mwanzo hadi mwisho, akiwa na wanaobeba. Wao ndio wanajua ubao unaoteleza uko wapi. Aangalie matope, mwinuko, na upepo unaoweza kunyakua bati au mbao pana. Aulize nani ana ngiri, nani ni mjamzito, nani aliumia juzi. Malipo yanayotegemea idadi ya mizigo iliyobebwa nayo ni hatari ya kuandikwa, kwa sababu humnyima mtu pumziko.

Mvua ikinyesha, tathmini irudiwe, maana mchanga umeongezeka uzito na njia imebadilika. Zege nalo lina takriban kilo 2,400 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo ndoo ya lita 20 iliyojaa inakaribia kilo 48. Ijazwe nusu au chini ya hapo.