Raba za usukani kwenye pikipiki ya zamani: tunayoambiana na ukweli wenyewe

Mtu anahangaika na tanki miezi, rangi imepigwa ikarudiwa, rimu zinang'aa, injini imefunguliwa mpaka nati ya mwisho, halafu siku ya kumalizia anaingia duka la spea za bodaboda anabeba gripu, yaani raba za kushikia usukani, za kwanza alizoonyeshwa. Inauma jamani. Anayezijua hizi pikipiki akikaribia anaangalia usukani mapema sana, na gripu ndo kitu unachokishika safari nzima. Haya ni yale ninayoyasikia kila mara kwa watu wanaofufua BSA, Triumph, BMW na Honda za kale.

"Gripu ni gripu tu, zote saizi moja"

Sio kweli. Pikipiki nyingi za Kijapani na za Kiingereza zina usukani wa bomba la inchi 7/8, yaani milimita 22 na kidogo. Harley na Indian, za Marekani hizo, ni inchi 1, milimita 25.4. Hapo wengi wanajua, afu wanaharibu kwa kusema "Mwingereza ni 7/8, basi", wakati Triumph nyingi za miaka ya 1950 zina bomba la inchi 1. Ukiagiza kwa kufuata nchi pikipiki ilikotoka unaweza kuletewa raba ambayo hata uilazimishe vipi haiingii. Chukua kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, pima bomba lenyewe pale palipo safi pasipo na kutu wala rangi nene, na usiamini kwamba usukani ulio nao ndo ule uliotoka nao kiwandani, maana pikipiki ya miaka 60 imeshaanguka na kubadilishiwa usukani na watu ambao hata hawapo tena.

Na kuna suala la pande mbili. Gripu ya upande wa resi haikai kwenye bomba, inakaa juu ya mrija unaozunguka kuvuta waya, kwahiyo tundu lake ni pana kuliko la mwenzake, kwenye usukani wa 7/8 linakaribia milimita 25. Ndo maana zinakuja jozi na hazilingani. Nimeshaona mtu anagombana na muuzaji kwamba kauziwa feki, moja inacheza na nyingine haiingii, kumbe kavalisha ya kulia kushoto.

Pima na urefu. Kuanzia swichi au mkono wa klachi mpaka mwisho wa bomba, ndo ujue gripu ya urefu gani inakaa bila kuacha kipande cha chuma kikiwa uchi.

"Resi iko kulia, kwahiyo ya kulia ndo pana"

Inategemea unafufua nini. Indian nyingi zilitoka kiwandani resi ikiwa mkono wa kushoto. Harley za enzi za kabla na wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, mkono wa kulia ni resi na wa kushoto nao unazunguka, kazi yake kuwahisha au kuchelewesha cheche ya plagi, so pande zote mbili zinavaa gripu juu ya kitu kinachozunguka. Vespa za zamani ndo hivyohivyo, kushoto unazungusha gia.

Ukirudi nyuma zaidi, mfano Triumph Model H iliyotumiwa na jeshi la Uingereza kwenye Vita ya Kwanza, hakuna kuzungusha kabisa, resi na hewa unavisogeza kwa vijimkono vidogo juu ya usukani, na gripu zote mbili zimekaa tu kwenye bomba hazina kazi nyingine zaidi ya kushikwa. Sasa mtu anachukua pikipiki ya namna hiyo anaivalisha gripu zenye michirizi za vijana wa Uingereza wa miaka ya 1960 waliokuwa wanashindana barabarani. Zinapendeza, sikatai, ila umri wake na wa pikipiki vimepishana karibu miaka 50.

"Imeandikwa Amal au John Bull, basi ni ya enzi hizo"

Hii ndo inawalia watu hela. John Bull lilikuwa jina la Leicester Rubber Company, walitengeneza matairi na raba kibao, na Amal wa Birmingham walijulikana kwa kabureta na resi za kuzungusha. Majina yote mawili yalikuwa kwenye gripu za kweli, na yote mawili yako kwenye gripu zinazotengenezwa leo. Maandishi yanakwambia umbo limefuata lipi, umri hayakwambii. Na hakuna ubaya kununua mpya yenye umbo sahihi, mimi mwenyewe kwa pikipiki ya kutembelea napendekeza hiyo, ubaya ni kuuziwa mpya kwa bei ya zamani.

"Iliyokaa stoo miaka 50 bila kutumika ndo bora kuliko zote"

Kwa kuangalia, sawa. Kwa kuendeshea, taratibu. Raba inazeeka hata ikiwa kwenye pakiti, ozoni iliyopo hewani na joto vinaila taratibu, inakuwa ngumu na kuanza nyufa ndogondogo hasa pale iliponyooshwa. Kabla hujalipa mwombe muuzaji akupigie picha akiwa amekunja ile shingo pana ya gripu kwa kidole, pale pembeni kabisa. Ikiwa mzima utaona inakunjika na kurudi, ikiwa imekufa utaona nyufa zinafunguka kama udongo wa kiangazi. Muuzaji akikataa kukunja, jibu umeshalipata. Gripu ya namna hiyo ukiinyoosha kuivalisha kwenye mrija wa resi inapasuka mkononi.

Na yale ya kupaka dizeli au oili ili raba "irudi"! Inang'aa leo, kweli, ila raba asilia inafyonza mafuta, inavimba na kulainika, na baadae unashika kitu kinachonata. Sabuni na maji ya uvuguvugu vinatosha kusafisha.

"Nimeiona kwenye brosha ya kiwanda, hakuna ubishi"

Ubishi upo. Brosha mara nyingi zilipigwa picha kwa pikipiki za majaribio kabla uzalishaji haujaanza, na picha nyingine zilichorwa-chorwa juu kupendezesha. Kitabu cha spea cha mwaka husika kina nguvu zaidi, ila nacho ukisome pamoja na namba ya fremu, kwa sababu mwaka wa modeli wa Waingereza ulikuwa unaanza karibu na Agosti ya mwaka uliotangulia. Triumph na BSA kuanzia modeli za 1969 walianza kugonga herufi mbili mbele ya namba, ya kwanza mwezi na ya pili mwaka wa modeli. Ukikuta NC, hiyo ilitoka Oktoba 1968 lakini ni modeli ya 1969, na wewe ukitafuta gripu za "1968" unaweza ukawa unatafuta kitu cha pikipiki nyingine.

Picha za pikipiki zilizofufuliwa tayari ndo ushahidi dhaifu kuliko wote, wanaigana wenyewe kwa wenyewe. Tafuta picha iliyopigwa wakati pikipiki bado mpya, ya harusi, ya gwaride la polisi, hata ya mzee wako kaegemea BSA nje ya nyumba, uikuze pale mkononi. Picha za mashindano ziache, wale walikuwa wanabadilisha gripu wanavyojisikia.

"Namba ya spea haifanani na modeli yangu, kwahiyo sio yenyewe"

Kwa Honda hapa watu wanakosa mali iko mbele yao. Namba zao zina mafungu matatu, la kwanza linasema ni kitu gani, 53165 gripu ya kulia na 53166 ya kushoto, fungu la kati ni kodi, yaani alama ya siri ya kiwanda, ya modeli ambayo kifaa hicho kilibuniwa kwa ajili yake mwanzo. Kifaa kilekile kikitumika kwenye modeli nyingine baadae, kodi inabaki ya yule wa kwanza. So gripu yenye kodi ya pikipiki nyingine inaweza kabisa kuwa ndo ya kwako. Kinyume chake pia kipo, namba ya zamani inafutwa inawekwa mpya, na kinachokuja kinaingia vizuri ila mchoro wake sio ule.

"Nyeusi iliyozibwa mwisho inafaa popote"

Rangi ni suala dogo, kitabu cha spea kitakwambia. Mwisho wa gripu ndo sio dogo. BMW nyingi za miaka ya 1950 na 1960 zilikuwa na indiketa za kampuni ya Hella kwenye ncha za usukani, lazima gripu iwe wazi mwisho. Kadhalika pikipiki za mwanzo zenye mikono ya breki inayotokea nchani. Ukikata iliyozibwa kwa kisu, kovu linaonekana.

"Bila grisi haivai, bila kisu haitoki"

Grisi kamwe, utakuja kuvuta resi gripu ibaki mkononi. Spirit inatosha, au spreyi ya nywele ya saluni, inateleza ikiwa mbichi na ikikauka inashika. Kutoa gripu adimu usikate, penyeza kitu chembamba butu, mimina spirit kidogo, ukiwa na kompresa puliza hewa chini yake, itatoka nzima.

Ukishavalisha ya resi acha nafasi kama milimita 1 kati ya raba na swichi, na hakikisha iliyozibwa haijasukumwa ikabana ncha ya bomba. Vuta resi mpaka mwisho uiachie uone kama inarudi yenyewe, usukani ukiwa kushoto, katikati na kulia. Resi za Amal zina skrubu ya kukazia ili ibaki ilipo, ilegeze kabla ya kujaribu, vinginevyo utailaumu gripu bure.