Harufu Ngeni Ndegeni Haisubiri Moshi

Usiku wa tarehe 2 Septemba 1998, ndege ya Swissair, safari namba 111, ilikuwa angani ikitoka New York kwenda Geneva. Ikiwa kwenye kimo cha futi 33,000, marubani walisikia harufu wasiyoielewa, wakadhani inatoka kwenye kiyoyozi. Dakika 21 baadaye ndege ilianguka baharini karibu na Peggy's Cove, Kanada. Watu wote 229 waliokuwamo walifariki.

Msiwalaumu haraka marubani wale. Katika ndege nyingi, hewa ya kupumua huchotwa kwenye injini, kabla haijachanganyika na mafuta ya kuendeshea. Mpira au pete ya kuzuia vilainishi ikichakaa, oili huvuja kidogo, ikaungua, na harufu yake ikapenya hadi ndani; wengi huifananisha na soksi chafu. Kwa hiyo harufu nyingi kweli huja kwa njia ya hewa. Tatizo ni kwamba pua peke yake haiwezi kutenganisha oili iliyovuja na waya unaoungua nyuma ya paneli.

Na waya ndio walioushuku wachunguzi wa Kanada, baada ya kuopoa mabaki na kuchunguza kwa zaidi ya miaka minne. Moto ulianzia juu ya dari, kwenye nyaya zilizopiga cheche, ukashika blanketi za kukinga joto na kelele zilizofunikwa kwa plastiki nyembamba yenye utando wa metali. Inauma kwamba blanketi hizo zilikuwa zimefaulu majaribio ya moto ya wakati huo. Pale dari ilipokuwa hapakuwa na kitambua moshi. Vifaa pekee vilikuwa pua na macho ya marubani. Wachunguzi walihitimisha kwamba tangu ndege ilipoanza kushuka, moto ulienea kwa kasi ambayo isingewaruhusu kuwahi kutua salama. Baadaye mamlaka za Marekani ziliamuru blanketi za aina hiyo ziondolewe.

Ndiyo maana sisi wa usalama wa anga tunasisitiza utaratibu mmoja: rubani akisikia harufu asiyoielewa, kwanza avae barakoa ya oksijeni safi, na miwani ya kuzuia moshi ikihitajika. Chanzo hutafutwa baadaye, huku mwenzake akiwa tayari anaandaa kutua kwenye uwanja wa karibu unaofaa. Harufu ikififia asiridhike, kwa sababu pua huizoea harufu baada ya muda mfupi, na moto uliojificha unaendelea.

Abiria nawe una wajibu. Ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, mwambie mhudumu papo hapo, hata kama unaona aibu. Simu ikidumbukia kwenye kiti, usikisogeze kiti kuitafuta: betri ikibanwa inaweza kuwaka. Bonyeza kitufe cha kuita mhudumu, kaa ulipo, aje aitoe yeye.